Homa ya 101 si baridi: kwa mnaoanza kazi ya kutunza wazee Marekani

Umetoka nyumbani umezoea 37, na siku ya kwanza kazini kipimajoto kinakuonyesha 98.6. Hakijaharibika. Ni joto lilelile, ila Marekani wanapima kwa Farenhaiti, na wewe mgeni ndiye utakayehama, wao hawahami.

Wiki yangu ya kwanza kwenye nyumba ya wazee huku Minnesota, mwenzangu aliyenitangulia alinipa njia ya mkato: toa 30, gawa kwa 2. Usiku huo nikampima babu mmoja, 101.2. Nikatoa, nikagawa, nikapata 35.6. Maskini, baridi imemuingia! Nikamwongezea blanketi. Nesi wa zamu alipopita akaangalia daftari, akaangalia blanketi, akalivuta lote bila kuniuliza kitu. Babu alikuwa na 38.4.

Mwenzangu hakunidanganya. Njia ile ni ya hali ya hewa. Ukiigeuza (zidisha kwa 2, ongeza 30), kwenye 10 za Selsiasi inakupa 50 barabara, kwenye 20 inapotea kwa nyuzi 2 tu, na kwa mtu anayechagua koti hiyo si kitu. (Januari mkisikia hasi 40, msiulize ni ya kipimo gani. Hapo vyote viwili vinakutana.) Lakini joto likizidi kupanda, kosa nalo linapanda. Ukiwa na 37 ya mtu mzima wa afya, njia hiyo inakupa 104, na 104 ya kweli ni homa ya 40.

Mimi nafanya hivi: zidisha mara mbili, punguza sehemu moja ya kumi ya ulichopata, ongeza 32. Chukua 38. Mara mbili ni 76, ondoa 7.6 zinabaki 68.4, ongeza 32 unapata 100.4. Haina makadirio, ni hesabu kamili, na unaifanya kichwani huku umevaa glovu. Kurudi kwenye Selsiasi, toa 32 kwanza, ndipo ugawe kwa 1.8. Ukianza kugawa umepotea.

Wengi wanakwama hapa: nesi akisema joto limeshuka kwa nyuzi 2, hiyo 32 usiiguse. 32 ni pale maji yanapoganda, haihusiani na ukubwa wa hatua. Gawa kwa 1.8 basi, unapata 1.1. Dada mmoja niliyekuwa namfundisha aliandika 2 kwenye simu, simu ikamjibu hasi 16.7. Simu ilikuwa sahihi. Yeye ndiye aliyeiuliza swali jingine.

Za jikoni kariri tu: friji isizidi 40, kuku aive hadi 165 katikati ya nyama.

Na hiyo 98.6 isiwatishe kwa nukta yake. Daktari Mjerumani, Wunderlich, aliandika 37 mwaka 1868, na .6 imezaliwa na kubadilisha kipimo tu. Wazee wengi wako chini ya hapo siku zote, kwa hiyo mzee ambaye joto lake la kila siku ni 97 akifika 100, mwite nesi, usisubiri 100.4. Na daftarini andika namba kama kipimajoto kilivyosema, na herufi F baada yake. Selsiasi yako ibaki kichwani.