Jibu: Je, viongozi wa dini wakae katikati?

Ndugu yangu, umeuliza kama askofu au shehe anayeikemea serikali hajiingizi kwenye siasa. Wanasiasa wawili wakigombania kiti, sawa, akae katikati. Lakini kumbuka uchaguzi wa mlolongo wa 1988 hapa Kenya: watu wamejipanga juani nyuma ya picha ya mgombea, kila mwenye macho anauona mstari mrefu, halafu sehemu nyingine anatangazwa mwenye mstari mfupi! Hapo katikati ni wapi? Askofu Alexander Muge wa Eldoret hakunyamaza. Agosti 1990, Waziri Peter Okondo akamwonya asikanyage Busia, huenda asitoke hai. Akaenda hivyo hivyo. Akirudi, tarehe 14, akafa kwa ajali barabarani. Siku chache baadaye waziri akajiuzulu.