Alama ya biashara Uingereza: omba unachouza, usiombe unachoota

Wiki iliyopita binti wa dada yangu, anayeshona mikoba ya kanga hapa Reading, alinitumia orodha ya bidhaa anazotaka kuziombea alama ya biashara. Niliifungua nikiwa kwenye basi. Mikoba, sawa. Aproni, sawa. Kisha yakafuata masanduku ya safari, miamvuli, hatamu za farasi, mapazia, viatu, kofia za kuogelea. Nikampigia palepale.

"Mwanangu, hatamu za farasi unashona lini?"

"Mama mdogo, nimeambiwa nitie kila kitu, ili kesho nikipanua biashara nisilipe tena."

Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2021. Niliyafuata, na kwa karibu mwaka mzima kila bahasha iliyoingia mlangoni ilinishtua. Ndiyo maana naandika leo, kwa yeyote anayeshona, anayepika achari au anayefungasha viungo hapa Uingereza na anataka jina lake liwe lake.

Kwanza, alama yenyewe si jambo geni kwetu. Mwanamke wa Pwani akinunua kanga huangalia pindo kabla ya rangi. Akiona K.H.E. Mali ya Abdulla, anajua anashika kanga ya nani. Hiyo ndiyo kazi ya alama: kumwambia mnunuzi kitu kimetoka mikononi mwa nani. Nilichokuwa sijui ni kwamba Uingereza husajili jina likiwa limefungamana na bidhaa ulizozitaja. Bidhaa na huduma zote zimegawanywa katika makundi 45. Mikoba iko kundi la 18, vitambaa vya nyumbani la 24, nguo la 25. Na kuna mitego midogo: foronya ya mto wa kochi iko la 24, lakini ukiujaza mto ukauza mzima, umehamia la 20.

Mimi niliomba makundi matatu. Wakati ule ada ya mtandaoni ilikuwa pauni 170 kwa kundi la kwanza na pauni 50 kwa kila linaloongezeka, jumla 270. Ada hubadilika, kwa hiyo angalia tovuti ya serikali siku unayoomba. Kisichobadilika ni kwamba ombi likikwama, pesa hairudi. Nikaona kwa kuwa nimeshalipa kundi zima, basi nijaze kundi zima. Nikanakili majina yote yaliyokuwemo.

Ombi likichapishwa, watu wana miezi miwili ya kulipinga, na wanaweza kuomba ifike mitatu. Karibu na mwisho wa muda huo ikaja barua ya mawakili wa kampuni kubwa, ambayo sitaitaja. Jina lao na langu yalishabihiana kwa neno moja. Wao walikuwa wanauza masanduku ya safari. Mikoba yangu ya kanga haikuwahusu hata kidogo, ila orodha yangu ilisema na masanduku, na mabegi ya magurudumu, na viatu. Niliwafungulia mlango mwenyewe, kwa bidhaa ambazo sijawahi kushona wala sina mashine ya kuzishona.

Hapa sikiliza vizuri, kwa sababu wengi wetu tukiona barua ya wakili tunaiweka kabatini tukiomba Mungu. Pingamizi likishapelekwa kwako rasmi, una miezi miwili ya kujibu. Usipojibu, ombi lako linahesabiwa umeliacha kwa bidhaa zile zilizopingwa. Usitegemee kwamba IPO, ofisi ya serikali inayosajili alama, itakusamehe kwa kuwa ulikuwa msibani au mtoto alikuwa mgonjwa. Njia moja ya kupata nafasi ya kupumua ni pande zote mbili kukubaliana kuingia katika muda wa mazungumzo, miezi tisa, ambao kesi inasimama. Sisi tulifanya hivyo.

Kabla ya hapo nilikwenda kwenye kituo cha biashara na hakimiliki kilichomo ndani ya British Library, pale London. Mtu wa kule alinionyesha swali moja kwenye fomu ya kujibu, ambalo ningelipita bila kuliona: je, unataka mpinzani athibitishe kwamba anaitumia alama yake? Ukiwa unapingwa kwa alama iliyosajiliwa zaidi ya miaka mitano kabla ya ombi lako, una haki ya kudai hivyo. Mimi nilidai. Orodha yao ndefu ikaonekana ilivyo: masanduku walikuwa na ushahidi nayo, mapazia na mashuka hawakuwa na hata risiti moja. Tukaanza kuongea kama watu. Nikafuta masanduku na viatu, wao wakaondoa pingamizi. Mikoba na aproni zikabaki zangu, na ndizo tu nilizokuwa nazihitaji tangu siku ya kwanza.

Sasa, tangu wakati huo sheria imesogea, na imesogea upande wetu. Tarehe 13 Novemba 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu katika kesi ya Sky na SkyKick. Sky ni kampuni kubwa ya televisheni na intaneti. SkyKick ilikuwa kampuni ya Marekani iliyouza programu za kuhamishia barua pepe za ofisi kwenye huduma ya Microsoft. Sky iliishtaki kwa kutumia neno lake. SkyKick ikageuza kibao: orodha zenu mlizosajili ni pana mno, hamkuwahi kukusudia kuuza hata robo yake. Na kweli, ndani yake kulikuwa na dawa za kung'arishia nguo, na hata mijeledi. Jaji wa mwanzo alikubali kwamba sehemu ya maombi yale ilifanywa kwa nia mbaya, Mahakama ya Rufani ikatengua, Mahakama ya Juu ikarudisha. Pande mbili zilikuwa zimeshapatana, lakini majaji waliisoma hukumu vilevile, maana jambo lenyewe linamgusa kila mwenye duka.

Hukumu haikusema kwamba ukiongeza kitu cha kesho wewe ni mwongo. Ukiwa na mpango wa kweli wa kushona foronya mwakani, iandike. Ila sheria ya alama ya mwaka 1994 inakutaka utamke kwenye ombi kwamba alama unaitumia kwa bidhaa hizo, au una nia ya dhati ya kuitumia. Nilipoijaza fomu yangu nilipita hapo kama mtu anayekubali masharti ya simu mpya. Nilitia saini kwamba nina nia ya dhati ya kuuza hatamu za farasi. Leo mpinzani anaweza kukushika kwa saini hiyohiyo. Na tangu mwaka 2025 ofisi ya usajili ina mwongozo mpya unaomruhusu mkaguzi wake, bila kusubiri mpinzani, kuikataa orodha iliyo pana kupita kiasi.

Ubaya na uzuri wa hukumu hii ni kwamba inakata pande zote mbili. Mkubwa aliyejitwalia bahari nzima unaweza kumuuliza nyavu zake ziko wapi, na yeye anaweza kukuuliza wewe. Kwa hiyo nilimwambia binti yetu akae mezani, atandaze alivyouza mwaka huu, na aandike hivyo tu kwa maneno ya kawaida: mikoba ya kitambaa, vibeti vya kitambaa, aproni. Asiandike "bidhaa za ngozi na mfano wa ngozi" ikiwa hajawahi kugusa ngozi. Asiandike hata "nguo" peke yake, kwa kuwa Sky waliponzwa pia na maneno mapana kama "programu za kompyuta". Akipanua biashara, ataleta ombi jipya. Pauni mia mbili na kitu ni nafuu kuliko usiku nilizokesha mimi.

Mambo mawili mengine, kwa haraka. Usiige kifungashio cha mkubwa ukidhani jina tofauti litakulinda. Januari 2025 Mahakama ya Rufani iliipa ushindi kampuni ya Thatchers dhidi ya maduka ya Aldi kwa sababu ya kopo la kinywaji cha tufaha na limau lililofanana na lao. Haikuhitajika mnunuzi achanganyikiwe. Ilitosha kwamba Aldi walijinufaisha isivyo haki na sifa za mwenzao.

La pili linaniuma kulisema, kwa sababu tunalifanya kwa upendo. Tangu tarehe 6 Aprili 2025, sifa za uongo mtandaoni ni jambo lililokatazwa waziwazi katika sheria ya kuwalinda walaji, na mamlaka ya ushindani wa biashara (CMA) inaweza kutoza faini yenyewe bila kwenda mahakamani. Wifi yako ambaye hajawahi kununua mkoba wako asiuandikie nyota tano. Mwuzie kwanza, autumie, kisha aseme anavyouona.

Jana binti yetu alituma ombi lake. Makundi mawili, mistari mitatu. Nimemwambia kwamba likishachapishwa zitamjia barua zenye nembo za kutisha, zikidai mamia ya pauni kwa ajili ya "orodha" au "daftari" la alama. Zinatoka kwa matapeli wanaosoma matangazo ya usajili na kuchukua anwani humo. Ofisi halisi iko Newport, Wales, na ada yake umeshailipa siku ya kuomba. Nimemwambia kila itakayokuja aipige picha anitumie kabla hajagusa kadi ya benki, hata ikiwa saa sita usiku.