USILIPE HIYO ADA KESHO!

Mkuu nimesoma swali lako nikashindwa kulala. Kijana ana F ya Physics kidato cha nne, anautaka udaktari kufa na kupona, dalali kakwambia kuna chuo huku Dar kitampokea "kwa mpango", na unauliza akae hosteli au awe anapanda daladala toka Gongo la Mboto. Mkuu, USILIPE.

Clinical Medicine, yaani kozi ya utabibu, sifa zake ziko wazi: ufaulu masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima kuwe na Chemistry, Biology na Physics. Hakuna mpango hapo. Mimi dalali aliniambia hivyohivyo kuhusu binti yangu, kavaa shati limenyooka, ana fomu zenye mhuri, ananiita mzee wangu, nikauza kiwanja cha Chanika nikalipa ada ya mwaka mzima. Binti akasoma, kavaa koti jeupe, mtaa mzima ukamwita dokta, ukafika wakati wa mtihani jina lake halipo NACTVET, lile baraza la serikali linalosajili vyuo, na chuo chenyewe hakimo kwenye orodha yao! Mkuu wa chuo anasema tatizo la mtandao, dalali simu haipokelewi mpaka leo. Yule mtu ni mwizi, tena mbaya kuliko kibaka wa Kariakoo maana kibaka anachukua simu tu, huyu kachukua mwaka wa mtoto. Anayetaka kucheka acheke, ila akaangalie kwanza chuo cha mwanae.

Sasa sikia alichofanya binti. Mimi nimenyong'onyea, yeye akaniambia baba nakwenda kurudia Physics. Akajisajili NECTA, baraza la mitihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, asubuhi anauza maandazi Rangi Tatu, jioni tuisheni, usiku nikiamka namkuta kakaa chini kafungua redio mbovu ya marehemu babu yake anahesabu rangi za resista, mlango wa jiko wote umejaa fomula za chaki na mama yake kakataza mtu asifute. Matokeo yalipotoka ana C. Nililia mbele za watu mkuu, na sioni aibu kusema najivunia yule mtoto kuliko kitu chochote nilichowahi kuwa nacho. Saa hizi yuko chuo cha kweli, na namba ya usajili aliikagua mwenyewe kabla hajaniomba hata mia.

Kwa hiyo kijana wako kama ana moyo huo usimuuzie njia ya mkato, utamuua. Usajili wa kujitegemea unafunguliwa mapema mwanzoni mwa mwaka, mtihani Novemba, arudie hiyo Physics. Halafu KABLA ya shilingi yoyote kutoka, fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, kipo bure mtandaoni, tafuta jina la chuo na namba ya usajili, vya afya inaanza na REG/HAS. Hakimo, hulipi, hata kama mwenye chuo ni shemeji yako.

Weka jina la hicho chuo hapa chini nikuangalizie sasa hivi, niko macho.