Jibu: Ukurasa wa Desperate Dan usio na sahihi, ni wa Dudley Watkins?

Salaam mkuu. Umesema una kurasa kadhaa za Desperate Dan, yule kauboi wa katuni za Uingereza, zilizokatwa magazetini, hazina tarehe wala jina, na kabla ya kuzitundika ukutani kumuenzi mchoraji wake Dudley D. Watkins unataka uhakika kwamba ni zake.

Tafuta sahihi kwanza, ila usiitegemee mno. D.C. Thomson ya Dundee, kampuni iliyochapisha katuni hizo, haikuwa na kawaida ya kuruhusu wachoraji waweke majina. Watkins alikuwa kati ya wachache waliopewa ruhusa, tena miaka ya 1940, ilhali Dan alianza na toleo la kwanza la The Dandy, gazeti la katuni la watoto, Desemba 1937. Mimi niliwahi kumpa jirani ukurasa mzuri bure kwa sababu haukuwa na jina. Bado naujutia.

Kisha kodolea macho mandhari. Cactusville, anakoishi Dan, eti ni mji wa Marekani wa makauboi, lakini Watkins anakuchomekea nguzo za taa na masanduku ya posta ya Uingereza, kama vile hakuna ajabu yoyote! Tazama na lile pai la ng'ombe mzima analokula Dan: pembe zimetokeza juu ya ukoko. Na kidevu cha Dan, kipana kama koleo, kimejaa vidoa vya ndevu.

Tarehe ukiipata, nayo isikupumbaze. Watkins alifariki Agosti 1969, lakini Oor Wullie, katuni yake nyingine, iliendelea kurudiwa gazetini kwa miaka; basi tarehe ya baada ya kifo chake pekee haithibitishi kwamba mchoro si wake.

Bei sigusi, mimi si mfanyabiashara. Piga picha ya karibu ya kidevu, uiweke hapa.