A na B zilikwenda wapi?

SWALI: Mhariri, kwenye kompyuta yangu mpakato diski inaitwa C, na flashi nikiichomeka inakuwa D au E. Wanangu wananiuliza A na B ziko wapi, nami sina jibu. Tena chama chetu kina disketi za inchi 3.5 zenye orodha za wanachama. Je, bado zinasomeka?
Msomaji, Tanga

JIBU: Herufi hizo zina wenyewe, ila wenyewe wamekwisha kuhama.

PC ya kwanza ya IBM, modeli 5150, ilitangazwa tarehe 12 Agosti 1981 bila diski kuu ndani. Ilikuwa na nafasi ya viendeshi viwili (vifaa vya kusomea na kuandikia) vya disketi za inchi 5.25, kila disketi ikibeba KB 160. Picha moja ya simu ya leo haienei humo. Kiendeshi cha kwanza kikaitwa A na cha pili B, desturi iliyotoka kwenye CP/M, mfumo endeshi wa awali ulioundwa na Gary Kildall. Disketi ya DOS, mfumo endeshi wa PC hiyo, ilitiwa A ili mashine iwake, na kazi za mtu zikakaa B. Mwenye kiendeshi kimoja naye hakunyimwa B: DOS ilikiita kiendeshi hichohicho kwa majina yote mawili, ikimwamuru atoe disketi hii atie ile. Kunakili disketi moja tu kulichosha mkono.

Machi 1983 ikaja PC XT, ikiwa na diski kuu ya MB 10 pamoja na DOS 2.0. A na B zilikuwa zimeshashikwa, basi diski ikapewa C. Tangu hapo programu nyingi mno zimeandikwa zikitarajia C, ndiyo maana haijahama hata baada ya disketi kutoweka.

Ukitaka kuwafurahisha watoto, ipe flashi herufi A: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, bofya kulia juu ya flashi, kisha badilisha herufi. C usiiguse kabisa.

Sasa disketi zenu. Nunueni kiendeshi cha nje cha USB cha inchi 3.5. Kabla ya kutia disketi, sogeza kile kibati chake uutazame utando kwenye mwanga. Madoa meupe au ya kijivu ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani hiyo ni kawaida. Yenye kuvu iwekeni kando, maana itachafua kichwa cha kusomea, nacho kitazikwaruza zinazofuata. Halafu sogeza kile kidude cha pembeni mpaka tundu lipitishe mwanga. Hapo disketi haiandikiki tena.

Windows ikisema disketi haijaumbizwa (haijafanyiwa format) na kutaka kuiumbiza, kataa! Mara nyingi yaliyomo bado yapo, ila huenda kichwa cha kiendeshi hiki hakilingani na cha kile kilichoiandika. Jaribuni kiendeshi kingine. Disketi yenye tundu moja tu ni ya KB 720, na baadhi ya viendeshi vya USB huikataa.

Nakilini disketi nzima kuwa faili moja kwa programu kama ddrescue, ndipo mfungue orodha kutoka kwenye nakala. Nakala kamili ya disketi ya MB 1.44 ina baiti 1,474,560, ikipungua, rudieni.