Unachukua chihuahua kwa mara ya kwanza? Soma hii kabla hajaingia ndani

Wadau mnaoanza kufuga chihuahua, maswali yenu nayaona ni yale yale na mengi yanatoka sehemu moja, watu wanaona udogo wake halafu wanakosea pande zote mbili. Mwili wanauchukulia kama wa mbwa yeyote, tabia wanaichukulia kama ya mdoli. Geuza hapo. Mwili wake ni wa kuhesabia gramu, akili yake ni ya mbwa kamili anayetaka kufundishwa kama mbwa.

Akikomaa anakuwa na kilo 1.5 mpaka 3 hivi, na kimo mpaka mabegani sentimita 15 hadi 23. Asili yake Mexico, jimbo la Chihuahua, na American Kennel Club (chama cha Marekani kinachosajili aina za mbwa) walimtambua 1908. Kuna wenye manyoya mafupi na wenye manyoya marefu, chagua unayempenda. Ila mkisikia muuzaji anasifia wale wadogo kupita kiasi eti ni aina ya pekee, msimwamini, hiyo ni lugha ya biashara tu, na kadri anavyozidi kuwa mdogo ndivyo shida za sukari, mifupa na meno zinavyomfuata. Pia usikubali kupewa mtoto wa chini ya wiki 8, na kwa hawa wadogo mimi napenda akae na mama yake mpaka wiki 10 au 12, anakuja akiwa anakula vizuri na ameshajifunza kwa ndugu zake kwamba kung'ata kunauma.

Sasa kitu cha kwanza kukijua, na naomba hapa msome polepole, ni sukari kushuka. Mtoto wa chihuahua hana mafuta ya kutosha mwilini, misuli midogo, na ini lake linaweka akiba ndogo sana ya sukari, kwa hiyo akikosa mlo mmoja tu au akipigwa na baridi au akicheza sana siku ya kwanza nyumbani kwa sababu kila mtu anataka kumshika, sukari inaanguka ghafla. Dalili utaziona, analegea, anayumba akitembea, anatetemeka, macho yanakuwa hayana mwelekeo, na ukichelewa anapata degedege na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Ukiona hivyo mpake asali kidogo au maji ya sukari kwenye ufizi kwa kidole, mfunike apate joto, akiweza kumeza mpe chakula, halafu mkimbize kwa daktari wa mifugo hata kama ameamka na anachangamka. Kama amezimia usimmiminie kitu chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Kinga yake ni rahisi, mlishe mara nne kwa siku mpaka afike miezi mitatu au minne, kisha mara tatu, akikua mara mbili inatosha, na usiku asilale na tumbo tupu.

Lakini kumlisha mara nyingi siyo kumjaza. Mbwa wa kilo 2 akiongezeka gramu 200 hiyo ni asilimia 10 ya mwili wake, na uzito huo wote unakaa kwenye magoti ambayo tayari ni dhaifu. Vile vipande vya kumzawadia visizidi sehemu ya kumi ya chakula cha siku. Chokoleti, zabibu, vitunguu vya aina zote na chochote chenye zailitoli (sukari ya bandia inayowekwa kwenye bigijii) visimfikie kabisa, maana kwa mwili huu kipande kidogo tu ni dozi kubwa.

Magoti sasa. Hii aina inasumbuliwa sana na pia ya goti (kile kifupa cha mbele ya goti) kuteleza nje ya nafasi yake, utamwona anakimbia vizuri halafu ghafla ananyanyua mguu mmoja wa nyuma anaruka hatua mbili tatu, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Watu wanacheka wanasema anadansi. Siyo dansi, mpeleke akapimwe. Na kuruka kutoka kitandani au kwenye kochi ndiko kunakovunja miguu ya mbele, mifupa yake myembamba mno, kwa hiyo mtafutie ngazi ndogo au mzuie kupanda. Watoto wa nyumbani wamshike wakiwa wamekaa chini, hakuna kumbeba wakitembea.

Kamba usimfunge shingoni. Bomba lake la hewa ni laini na ukilivuta mara kwa mara linajikunja, anaanza kukohoa kwa mlio kama wa bata bukini, tumia mkanda wa kifuani. Kichwani wengi wana utosi kama wa mtoto mchanga na kwa wengine haufungi maisha yote, mara nyingi wanaishi nao bila shida ila sehemu hiyo isigongwe.

Meno ndiyo wengi wanayasahau. Mbwa huyu ana meno 42, idadi sawa na mbwa mkubwa, yamebanana kwenye kataya kadogo, uchafu unakaa, ufizi unaoza, meno yanalegea angali kijana. Mzoeze mswaki tangu utotoni kwa dawa ya meno ya mbwa, ya binadamu hapana. Akifika miezi 7 na bado unaona chonge mbili zimesimama pamoja, ya utoto na ya ukubwa, hiyo ya utoto ikang'olewe.

Haya, tabia. Wanasema chihuahua ni mkali, mimi nasema mara nyingi ni mwoga ambaye hakuna aliyemsikiliza. Akinguruma watu wanacheka, akikunja mwili wanamnyanyua kwa nguvu, mwishoni anajifunza kwamba kung'ata ndiyo lugha pekee inayoeleweka. Kati ya wiki 3 na 14 ndipo anapoijua dunia, kwa hiyo hata kama chanjo hazijaisha mbebe mkononi, aone watu, asikie magari, ila asikanyage sehemu wanazopita mbwa usiowajua kwa sababu ya parvo, kirusi cha kuharisha kinachoua watoto wa mbwa. Mfundishe kukaa, kuja akiitwa, kuachia kitu. Haja ndogo atachukua muda kuizoea, kibofu ni kidogo, mtoe kila akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza, kumchapa hakusaidii chochote.

Kuzalisha waachieni wenye uzoefu kwanza, watoto wana vichwa vikubwa, nyonga ya mama ni nyembamba, na upasuaji ni jambo la kawaida.

Mwisho nunua mizani ya jikoni. Mpime kila wiki siku ile ile na uandike, kwa sababu dawa za minyoo, kupe na viroboto zote zinatolewa kwa uzito, na kumgawia kipimo cha mbwa mkubwa kwa kukadiria ni sumu, paracetamol yako usimpe hata punje. Ukiona mtoto wiki hii hajaongezeka au mkubwa amepungua gramu 150 na chakula ni kile kile, usisubiri dalili nyingine, mpeleke.