Muulize Shangazi: Darasa limenishinda

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mwalimu wa gredi ya 6 huku Likoni, wakitoka breki ni kelele, kusukumana, matusi, nishawatoa nje nishaita wazazi lakini wapi, wenzangu wanasema bila kiboko hawasikii. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kiboko weka kando kabisa, sheria ya elimu ya Kenya ya 2013 imekikataza, na hata isingekikataza, mtoto akichapwa anajua kuogopa tu, hajafunzwa afanye nini badala yake. Wewe mwenyewe umesema fujo zinaanza wakitoka breki, basi shughulika na hapo kabla hapajaharibika, simama mlangoni, wasalimie kwa majina, ubaoni pawe na kazi fupi inawangoja. Na kuingia darasani uwafunze vile unavyowafunza hesabu, waonyeshe, wafanye, warudie, wakitoka likizo uanze upya maana wanasahau.

Yule anayepigana mpe maneno ya kusema akikasirika, "niwache kidogo nitulie", wengine hawajawahi kuyasikia nyumbani wallahi. Akifanya vizuri mwambie hapo hapo alichofanya, "umengoja zamu yako, ahsante", usiseme "vizuri" ukapita.

Wachache watabaki wagumu, hao kaa nao pembeni uulize kama wamekula, wanalala kwa nani. Na hao wenzako ongea nao mkubaliane sheria 3 ama 4 za shule nzima, maana wewe ukifunza na darasa la jirani wanachapwa, watoto watashika lipi?